BILAURI ZA KUPULIZWA NA WATU WANAOZIFANYA

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi kabla ya kura ya zawadi za wastaafu. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu.)



Mwajua jambo lililotuleta. Kamati imependekeza kwamba wazee wetu sita wanaomaliza kazi mwaka huu, badala ya saa ya ukutani ya kila mwaka, wapewe kila mmoja bilauri sita na jagi lake, za kupulizwa kwa mdomo kule Kitengela. Baadhi yenu mmenung'unika. Mmesema bilauri ni bilauri, na ya dukani hushika maji vile vile kwa bei ndogo. Ndugu mmoja akaongeza kwamba za Kitengela zina mapovu ndani yake, yaani ati ni kioo kibovu kinachouzwa kwa watalii. Basi Kamati ilinituma mimi na ndugu wawili wa karakana twende tukaone, kisha nije nieleze. Nitasema tuliyoyaona na niliyoyasoma, na kura ni yenu.

Nianze na jambo ambalo sisi watu wa reli tunalijua kuliko wengi. Kioo hufanywa kwa vitu vitatu: mchanga, magadi na chokaa. Katika kioo cha dirisha au cha bilauri ya kawaida, mchanga ni kadiri ya sehemu 7 katika 10, magadi ni sehemu moja na kitu, na chokaa ni sehemu moja hivi. Mchanga peke yake hauyeyuki mpaka upate moto wa digrii 1,700 za Sentigredi, na moto huo ni taabu kuupata na taabu zaidi kuutunza. Ukitia magadi, mchanga hukubali kuyeyuka kwa moto mdogo zaidi. Lakini ukitia magadi bila chokaa, kioo chako kitakuwa kitu cha kuyeyuka majini. Chokaa ndiyo inayokifunga.

Basi ule unga mweupe uliokuwa ukibebwa kwa mabehewa kutoka Magadi mpaka Konza na kushuka Mombasa, tangu njia ile ilipojengwa katika miaka ya 1910, kazi yake kubwa kabisa ulimwenguni ni kufanya kioo. Wazee wetu waliufagia sakafuni mwa mabehewa, ukawaingia puani na machoni, na wengi wao hawakuambiwa unakwenda kufanya nini. Huenda vipande vya madirisha vinavyoyeyushwa Kitengela vina chembe za Magadi zilizokwenda ng'ambo na kurudi. Hakuna awezaye kuzitambua, lakini mimi napenda kufikiri hivyo.

Sasa Kitengela yenyewe. Msidhani ni ule mji ulio kwenye barabara ya Namanga. Ni mahali pengine, penye mawe na miiba, ng'ambo ya mto Mbagathi, mpakani mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Huko ndiko mama mmoja mchoraji, mzaliwa wa Ujerumani, jina lake Nani Croze, alikoanza kazi ya vioo vya rangi zaidi ya miaka 40 iliyopita. Mwanawe, Anselm Croze, ndiye aliyeanzisha tanuri la kupuliza katika miaka ya 1990, na ndiye ambaye bilauri, majagi na mabakuli yake huonekana mezani katika mahoteli na nyumba nyingi za watu wenye nafasi. Pale hawaanzi na mchanga. Huanza na takataka: vioo vya madirisha vilivyovunjika, vitu ambavyo sisi hufunga katika gunia na kutupa mbali watoto wasikatwe miguu.

Na hapa nijibu habari ya mapovu. Vipande vya kioo vikirundikwa tanuruni, hewa hukaa kati ya kipande na kipande. Vikiyeyuka, hewa ile hubaki ndani kama mapovu madogo. Viwanda vikubwa huyaondoa kwa kuzidisha moto mpaka kadiri ya digrii 1,500 na kungoja, na kwa kutia dawa zake. Tanuri dogo linaloyeyusha vipande haliwezi kufanya hivyo bila kuteketeza fedha nyingi za moto. Kwa hiyo mapovu yale huonyesha kioo kimetoka wapi, kama vile chuma cha kusubu kinavyoonyesha chembe za mchanga wa kalibu yake. Maji hayapiti ndani yake. Asiyeyapenda asiyapende, lakini asiseme fundi ameharibu kazi. Tena kioo cha dirisha kina ukaidi wake: huganda upesi, na mpulizaji hana nafasi ya kujikuna.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Tanuri kubwa halizimwi mchana wala usiku, maana likipoa chungu cha ndani huweza kupasuka na kioo hukaa humo kama jiwe. Fundi hutwaa bomba la chuma lenye urefu wa futi 4 au 5, hulitia kinywani mwa tanuri na kulizungusha, na kioo hujizonga kwenye ncha kama asali nzito kwenye kijiti. Kina moto wa digrii zaidi ya 1,000 na rangi ya chungwa lililoiva. Tangu dakika ile mpaka bilauri iishe, bomba halikomi kuzungushwa. Likisimama kwa kuhesabu mpaka tano tu, kioo huanza kuning'inia upande mmoja.

Hukiviringisha juu ya bamba la chuma ili ngozi ya nje ipoe kidogo, kisha hupuliza. Mtu aliyesikia tu hudhani mpulizaji hutunisha mashavu kama mpiga tarumbeta. Sivyo; pumzi ni ndogo, na povu moja la katikati hufunguka polepole. Halafu fundi huketi kwenye benchi lenye mikono miwili mirefu ya chuma. Bomba hulala juu ya mikono hiyo, naye huliviringisha mbele na nyuma kwa mkono wa kushoto. Katika mkono wa kulia ana gazeti lililokunjwa mara nyingi na kuloweshwa maji. Gazeti, ndugu zangu! Hukifinyanga kioo kile cha moto akiwa ametenganishwa nacho na karatasi tu. Mvuke hutoka kati ya maji na moto, na mvuke huo ndio unaomkinga mkono. Mzee mmoja wa zamani za magari ya moshi angalikuwapo angalicheka kwa furaha, maana hata huku mvuke ndio mtumishi.

Kisha kwa koleo la miguu miwili hubana shingo kati ya bomba na bilauri, na kitako husawazishwa kwa ubao ulioloweshwa. Msaidizi huleta ufito wa chuma wenye tone dogo la kioo cha moto, hulibandika katikati ya kitako. Fundi hutia maji kidogo shingoni, hugonga bomba mara moja, na bilauri hukatika pale pale ilipobanwa, ikabaki imeshikwa kwa kitako na lile tone. Hapo mimi nilizuia pumzi. Hurudishwa motoni, mdomo hulainika, na fundi huufungua kwa koleo huku bilauri ikizunguka. Ule mdomo mtamu mnaougusa mkinywa haukusuguliwa kwa jiwe. Umelainishwa na moto. Mwisho hugongwa tena, na mtu mwingine mwenye glavu nene huipokea na kuipeleka upesi katika tanuri la kupozea.

Yote huisha kwa dakika chache. Maneno wanayosema ni machache vile vile. Msaidizi analeta tone lake kabla hajaitwa, kwa sababu amekuwa akitazama rangi ya kioo kama fundi anavyoitazama. Wenye kumbukumbu za mvuke watanielewa. Nendeni katika Jumba la Makumbusho la Reli hapa Nairobi, mpande juu ya injini moja ya zile kubwa za Garratt, mtazame mahali pa dereva na mahali pa fayamani. Dereva akifungua mvuke mlimani na fayamani hakutayarisha moto robo saa kabla, injini itasimama, na hapana ustadi wa dereva utakaoisaidia. Kioo ni hivyo hivyo. Bilauri hubeba jina la karakana, au la msanii, na si vibaya, maana yeye ndiye aliyefikiri umbo na kujenga tanuri. Lakini mikono iliyoifanya ni jozi mbili au tatu, na jozi moja ikikosa siku ile, hakuna bilauri.

Tanuri la kupozea nalo lataka maelezo. Bilauri ikiachwa mezani, ngozi ya nje huganda na kujikaza wakati ndani bado pana moto. Baadaye ndani hujikaza pia, huvuta, na bilauri hupasuka, labda mara ile, labda usiku ikiwa kabatini na watu wamelala. Ndiyo sababu huwekwa kwanza katika moto wa kadiri ya digrii 500 na kupozwa pole pole kwa saa nyingi. Watu wa reli walipambana na adui huyu zamani. Kioo cha taa ya ishara kilikuwa na moto wa mafuta kwa ndani, na mvua au theluji ikikipiga kwa nje kilipasuka. Taa ya ishara ikiharibika, gari hupita mahali pasipofaa kupita. Kampuni ya Corning ya Marekani ikatafuta kioo kisichotanuka sana kwa moto kwa ajili ya taa za reli, na katika kazi ile ndimo zilimotoka sahani za kuokea ziitwazo Pyrex, zilizoanza kuuzwa mwaka 1915. Dada zetu mlio na Pyrex nyumbani, mna jamaa wa taa ya reli jikoni.

Jambo jingine ni macho. Moto wa tanuri, ukitazamwa miaka mingi, hufanya mtoto wa jicho. Wapulizaji wa zamani walipofuka kwa sababu hiyo, na mwanzoni mwa karne ya 20 Uingereza iliuandika ugonjwa huo katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayolipiwa fidia. Haukuandikwa kwa huruma tu; madaktari walihesabu macho ya wapulizaji mmoja mmoja mpaka ubishi ukaisha. Ninawaambia hivi kwa sababu ndugu zetu wa kuunga chuma hapa karakana bado wanabishana nami juu ya kuvaa miwani.

Sasa mniruhusu niende mbali kidogo, mpaka mji wa Toledo, katika jimbo la Ohio, Marekani, kwa maana habari ya matanuri madogo ya namna hii hupitia mji ule. Alikuwako mtu aitwaye Michael Owens, mtoto wa mchimba makaa. Aliingia kiwanda cha vioo akiwa na umri wa miaka 10, kutia makaa tanuruni. Akakua akawa mpulizaji, na akawa mtu hodari katika chama cha wafanya kazi wa vioo. Mtu huyu huyu, mwaka 1903, ndiye aliyekamilisha mashine ya kufanya chupa bila mpulizaji. Mashine ile iliwatoa watoto viwandani, jambo jema lisilopingika, maana wengi walikuwa wakikesha humo na kuunguzwa. Ikawatoa na wapulizaji wa chupa, waliojifunza kazi yao miaka mingi. Mimi simhukumu Owens. Aliyechota makaa akiwa na miaka 10 ana haki ya kuchukia koleo. Lakini tuliopata kuona kazi zikifutwa na mashine au na sahihi ya mtu mmoja ofisini tunajua pande zote mbili za habari hiyo.

Baada ya hapo, kwa muda wa miaka zaidi ya 50, watu wengi walifikiri kioo ni kazi ya kiwanda kikubwa tu. Mwezi Machi 1962 mwalimu mmoja wa ufinyanzi, Harvey Littleton, alikusanya wenzake katika banda la magari la jumba la makumbusho la Toledo, wajaribu tanuri dogo ambalo msanii angeweza kuwa nalo uani kwake. Baba yake alikuwa mtaalamu wa Corning, mmoja wa waliohusika na ile Pyrex niliyoitaja. Kioo cha kwanza kilikataa kabisa kufanya kazi. Akaja Dominick Labino, mtaalamu wa kiwanda cha nyuzi za kioo, akawasaidia kulibadili tanuri na kuwapa gololi za kioo za kuyeyusha. Zikayeyuka vizuri. Tanuri tayari, kioo tayari, mabomba tayari, na waliosimama pale, watu wa elimu, hawakujua kupuliza ipasavyo.

Ndipo akafika mzee mmoja, Harvey Leafgreen, mpulizaji aliyestaafu katika kiwanda cha Libbey pale pale Toledo. Akashika bomba akawaonyesha. Kutoka kwa mikutano ile ya mwaka 1962 kazi ya matanuri madogo ilienea Marekani na nchi nyingi. Jina la Littleton limejaa vitabuni, na alistahili. La mzee Leafgreen huwa katika mstari mmoja, pengine mstari na nusu. Nimelisoma na kulirudia, nikawafikiria hawa wazee sita walioketi mbele. Kuna breki moja katika mabehewa ya kizamani ambayo mzee mmoja wenu peke yake ndiye ajuaye kuirekebisha bila kuifungua yote, na siku ya mwisho wa mwezi ataondoka nayo kichwani.

Habari ya mwisho ni chungu. Waterford ni mji wa Ireland uliojulikana dunia nzima kwa bilauri na mabakuli ya kioo cha kuchongwa. Kiwanda cha kwanza kilianza mwaka 1783, kikafungwa mwaka 1851, na kazi ikafufuliwa mwaka 1947. Mjini mle baba alimfundisha mtoto, na mwanagenzi alichonga bakuli moja lenye kila namna ya mkato kabla hajaitwa fundi. Kwa muda mrefu watu walidhani kazi ile ni kama kazi ya serikali, haiishi. Tarehe 5 Januari 2009 kampuni ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni. Tarehe 30 ya mwezi ule ule wafanya kazi wakaambiwa kiwanda kinafungwa. Wakaingia katika jumba la kupokea wageni na kukataa kutoka, wakalala humo kwa zamu, kwa majuma kadiri ya 8, na chama chao, Unite, kikisimama nao. Jina la Waterford lilipata mnunuzi, maana jina ni mali. Kazi nyingi ikapelekwa nchi nyingine, na mwaka 2010 karakana ndogo ikafunguliwa katikati ya mji, hasa watalii wapate kuona.

Lakini lililowaumiza kupita kufungwa kwa tanuri ni mfuko wa uzeeni. Ulikuwa na pengo kubwa, na wale waliokatwa kila mwezi kwa miaka 30 au 40 wakaona kwamba fedha za uzee wao nyingi hazimo. Hawakukaa kimya. Wakaishtaki serikali yao kwamba haikuweka sheria ya kuwalinda kama ilivyopaswa. Kesi ikafika Mahakama ya Ulaya, na mwezi Aprili 2013 majaji wakaamua kwamba serikali ilikosa. Hata hivyo ilipita zaidi ya mwaka mwingine wa mabishano, mpaka Desemba 2014, ndipo mapatano yakapatikana. Hesabuni wenyewe: tangu Januari 2009 mpaka Desemba 2014. Mchongaji aliyekuwa na miaka 64 kiwanda kilipofungwa alikuwa anakaribia 70, na wako waliokufa kabla ya siku ile.

Ndiyo maana Bwana Mweka Hazina husoma hesabu za mfuko wetu kila mkutano, hata pale baadhi yetu wanaposinzia. Leo atazisoma baada ya kura, na ninaomba msiondoke.

Kuhusu bilauri za dukani, sizitukani. Nyumbani kwangu ndizo zilizoko, watoto huzivunja, nasi hununua nyingine. Kama Kamati ingetaka vyombo vya kantini, ningesema mnunue hizo bila kufikiri mara mbili. Swali lililo mbele yenu ni la zawadi ya mtu aliyefanya kazi kwa mikono yake miaka 30 na zaidi, na ninyi ndio mtakaosema ipi inamfaa. Bei ya zote mbili, pamoja na ile ya saa ya ukutani, imeandikwa ubaoni.

Bilauri mbili tulizonunua kwa mfano ziko mezani, na ya dukani moja kando yake. Zipokezaneni polepole. Pitisheni ukucha ubavuni mwa kila moja. Bilauri iliyotoka katika kalibu ya vipande viwili mara nyingi ina mstari mwembamba mahali vipande vilipokutana. Iliyofinyangwa kwa gazeti haina. Halafu ipindueni, mguse katikati ya kitako, mtakuta kovu dogo la duara pale ufito ulipobandikwa. Ziwekeni mbili za Kitengela pamoja, mtaona moja imezidi nyingine kimo kwa unene wa shilingi. Wazee watazame kwanza, ndipo wengine. Mwenye swali aulize sasa, Bwana Mwenyekiti akiruhusu, kwa kuwa karatasi za kura zinagawanywa saa kumi.